Nambari 95

Kitanda kimoja katika chumba cha watu wanane, karibu na stesheni ya Victoria, kilinitoka pauni 38 kwa usiku. Pauni 38! Kwa pesa hizo Naivasha ningepata chumba changu mwenyewe, na chai ya asubuhi juu. Nilipiga hesabu hiyo usiku kucha huku jamaa wa kitanda cha juu akikoroma, na kulipopambazuka nikaapa London nitaimaliza kwa miguu. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, karibu shilingi 300, na nilikuwa na mahali patatu tu pa kwenda: alikoishi Mzee Kenyatta, alikosoma, na alikofanya kibarua.

Kutoka Victoria hadi Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, ni mwendo wa dakika kumi. Mimi nilitumia arubaini, kwa sababu ya simu iliyonizungusha na viatu vipya nilivyonunua soko la Gikomba, Nairobi, nikidhani nimeula. Nyumba za huko zimebanana, kila moja kama ya jirani yake, vyuma vyeusi mbele na ngazi za kuteremkia chumba cha chini. Ningelipita nambari 95 kama si kibao cha duara, cha buluu, juu ukutani. Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, aliishi hapa 1933 hadi 1937.

Mbele ya mwaka wa kuzaliwa, 1894, wameweka kiherufi "c", yaani hapo wamekadiria. Nikacheka peke yangu barabarani. Kitambulisho cha shosho, nyanya yangu, kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, siku moja na wazee wote wa kijiji chetu, maana karani aliyewaandikisha alichoka kuuliza. Na hilo jina la Jomo lenyewe, kipindi hicho hakuwa nalo. Alilitoa na kitabu chake mwaka 1938, baada ya kuhama hapa. Aliyekuwa akipanda ngazi hizi na kodi ikimsumbua aliitwa Johnstone.

Nilikuwa bado nimeinua shingo mlango wa nyumba ya pili ulipofunguka. Mama mmoja wa makamo, amevaa ndara, akanipungia mkono kwa hasira. "Umechelewa nusu saa," akasema. "Na kimepoa, bila shaka."

Nikatazama nyuma. Hakukuwa na mtu. Nikajitazama: begi kubwa mgongoni, koti la mvua, simu mkononi, Mwafrika anayesoma nambari za nyumba. Kumbe nimeleta chakula! Nikamwambia hapana, mama, mimi ni mgeni, natazama nyumba ya rais wetu. "Rais yupi?" Nikamwonyesha kibao. Akateremka ngazi mbili, akasoma polepole, midomo ikicheza. Akasema ameishi hapo miaka sita na siku zote alidhani ni mwanamuziki.

Ningejibu nini? Hapo hapo mleta chakula wa kweli akafika na baiskeli, kijana aliyelowa chapachapa, akagombezwa kwa niaba ya sisi wote wawili. Mlango ulipofungwa tukatazamana tukacheka. Nikamwomba anipige picha. Akapiga moja, haraka, huku simu yake ikimwita kwingine.

Mwendo wa kwenda Houghton Street sitausimulia sana. Westminster na Trafalgar mmeviona kwenye picha. Mimi nilikuwa natazama lengelenge kisiginoni. Chuo cha Uchumi cha London, LSE, alikosoma anthropolojia, yaani elimu ya mila za watu, kwa Profesa Malinowski, sasa ni vioo vitupu, na vijana wanakunywa kahawa ya pauni nne wakiwa wima. Pale ndipo ilipoanzia kazi ya Facing Mount Kenya, kile kitabu chake cha 1938. Najua wapo nyumbani wasiotaka kusikia jina la Mzee kwa ajili ya mashamba yaliyoenda kwa familia yake, na wana haki yao. Lakini huyu niliyekuwa namfuata alikuwa mpangaji tu.

Nikachechemea hadi Gower Street, chuo kingine, University College London (UCL). Kati ya 1935 na 1937 Mzee alilipwa hapa kusema Kikuyu tu. Bi Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki, alikuwa akichunguza sauti inavyopanda na kushuka katika lugha yetu, na Kenyatta ndiye aliyemtamkia. Kabla ya hapo, mwaka 1934, alikuwa ameigiza kwenye filamu iliyotengenezwa Shepperton, mmoja wa watu wa nyuma, nyota akiwa Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi. Shepperton ni mbali, miguu ilikataa.

Nikakaa kwenye ukingo wa ukuta, manyunyu yakianza, nikajaribu kutamka maneno ya shosho yanayobadilika maana ukikosea kupandisha sauti. Mlinzi akanitazama. Nikafungua picha ili nimtumie shosho kupitia simu ya binamu: mimi nimetabasamu meno yote, mlango umefungwa, mapipa mawili ya taka. Kibao kimekatwa chote.

Nikaituma hivyo hivyo. Baada ya dakika chache sauti yake ikaja: "Huo ni mlango wa nani?"

Nikamwambia wa Mzee Kenyatta, alipanga hapo zamani.

"Alipanga? Chumba kimoja?"

Chumba kimoja, shosho.

"Na wewe unalala wapi?"

Nikamtajia bei, kwa shilingi. Ilipofika sauti nyingine alikuwa ameshageukia kwa binamu, anamweleza hesabu hiyo, na nikamsikia binamu akisema haiwezekani. Basi likafika. Nikalipa pauni 1.75, nikavua kiatu kimoja.