Awamu ya kwanza waliniacha: nilivyoipata kozi ya kompyuta

Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) na B ya hesabu na C mbili, yaani pointi 10. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanataka pointi 4 tu kwenye masomo mawili ili uombe shahada, kwa hiyo nyumbani Morogoro walishaanza kuniita injinia. Kumbe hicho kigezo kinakufikisha getini tu. Sayansi ya Kompyuta inajazwa kuanzia wenye A kushuka chini. Akaunti yangu ya maombi ikaandika kwamba sifa ninazo, ila ushindani umenizidi.

Na kuna mwalimu alinishauri nijaze kozi moja peke yake "ili waone una nia". Nia! Mfumo unaona alama, hauoni nia. Wenzangu wenye alama zilezile waliojaza kozi nne au tano walipata japo Takwimu.

Mjomba akasema ana mtu wake "anaingiza majina". Nikapanda basi mpaka stendi ya Mbezi Luis, Dar, nikaunga daladala, nikamsubiri nje ya geti la chuo tangu saa nne asubuhi. Akatokea saa nane, shati jeupe, kitambulisho shingoni kimegeuka nyuma mbele. Akaagiza chipsi kuku na soda mbili, zote zake. Akaniuliza namba ya mtihani wa kidato cha nne, akaiandika kwenye kiganja. Kiganja, jamani! Nikatoa elfu hamsini ya "kufungua mfumo", nyingine kama hiyo nitoe nikichaguliwa. Alipomaliza kula akaenda kunawa, nami nikabaki nimekaa natazama namba yangu ikiondoka na maji ya bomba.

Njiani kurudi ndipo akili ikanirudi. Waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa SMS ili wathibitishe chuo kimoja, na kila anayethibitisha kwingine anaacha kiti. Sasa viti hivyo wamekalia nani? Nikaingia kundi la WhatsApp la shule, nikauliza mmoja mmoja. Wanne walikuwa wameshika kozi yangu, chuo changu, na wote wana chuo cha pili mkononi. Watatu walishaamua kwenda kwingine. Wa nne alikuwa anasitasita kati ya kompyuta na uhandisi wa ujenzi.

Huyo nilimshughulikia siku tatu. Nikamtumia picha za daraja la Kigongo–Busisi, asubuhi na jioni. "Mwanangu, kompyuta kila mtu anayo. Daraja nani analo?" Akalainika. Akasema hana bando la kuthibitishia, nikamrushia hapohapo, buku tu, kabla hajabadili mawazo. Kama ni dhambi basi ni ndogo, na ujenzi anaupenda sasa kuliko hata mkewe mtarajiwa.

Awamu ya pili ilipofunguliwa, kozi ikaonekana bado ina nafasi. Nikaomba siku ileile, safari hii nikijaza kozi tatu, kompyuta ikiwa ya kwanza. Ada ya maombi nikakopa kwa dada, elfu kumi na ushee. Nikapita.

Jioni ya majina kutoka, simu ikaita mlio wa ujumbe. Yule bwana wa kiganja: "Si nilikuambia? Malizia ile hamsini." Mjomba naye anasema nisimwangushe mtu wake.