Nilivyokaa upande wa majaji wa gitaa

Barua ya kuniomba niwe jaji ilikuja pamoja na fomu ya alama, na fomu hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ilikuwa na kisanduku kimoja cha tarakimu, kutoka 1 hadi 25, na mstari mmoja wa maoni chini yake. Basi. Hapa Ujerumani kipimo cha alama 25 kimezoeleka kwa sababu ya Jugend musiziert, mashindano ya vijana ya nchi nzima yanayopanda kutoka ngazi ya chini hadi ya jimbo, kisha ya taifa, na mashindano madogo ya mijini huiga kipimo hicho. Haya yetu yalikuwa ya mji mmoja, gitaa la klasiki peke yake, vijana wasiozidi miaka 18, majaji watano. Mimi niliingizwa dakika za mwisho baada ya mmoja wao kuugua.

Kusikia kosa hakunisumbui. Nafundisha gitaa, makosa nayasikia hata nikiwa jikoni na mwanafunzi yuko sebuleni. Kilichonitia wasiwasi ni ile tarakimu. Huyu unampa 19 kwa lipi, na yule 20 kwa lipi, wakati mmoja amepiga Bach na mwingine Villa-Lobos, yule mtunzi wa Brazil?

Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani, Nairobi. Mzee huyu amekaa sana kwenye meza za majaji wa Kenya Music Festival, tamasha lililoanza 1927, ambako jaji hana pa kujificha: husimama mbele ya ukumbi mzima, walimu na wanafunzi wakimkodolea macho, akaeleza alichokisikia.

"Mwalimu, wamenipa kiti cha jaji huku."

"Hongera mwanangu. Na kalamu wamekupa?"

"Wamenipa fomu."

"Fomu ni yao. Wewe nunua daftari. Andika unachosikia mtoto akiwa bado anapiga. Tarakimu iache mpaka ainuke kitini. Ukitanguliza tarakimu, masikio yako yatabaki kutafuta ushahidi wa kuitetea."

Nikanunua daftari. Kila mshiriki nikamtengea ukurasa, nikaugawa sehemu nne: mapigo, sauti, jinsi sentensi za muziki zinavyopumua, na alivyoheshimu kilichoandikwa kwenye nota. Kusahau nota sikukutengea sehemu. Mtoto akipotea katikati ya kipande kisha akarudi njiani bila kusimamisha mapigo, huo ni ufundi, na wapiga gitaa wazima hulipwa kwa kuujua.

Asubuhi ya mashindano, kabla ya mtu kugusa uzi, mwenyekiti wa jopo alituuliza nani ana mwanafunzi wake miongoni mwa washiriki. Mikono miwili ikainuka. Kanuni yao ilikuwa rahisi: mwalimu hampi alama mwanafunzi wake, kisanduku chake kinaachwa wazi, na wastani unatafutwa kwa wale wanne waliobaki. Nikauliza, je, na aliyemfundisha mtoto siku chache tu kwenye warsha ya kiangazi? Kimya. Dunia ya gitaa la klasiki ni ndogo mno. Mtoto mwenye kipaji huwa ameshapita mikononi mwa nusu ya majaji kabla hajafikisha miaka 15. Wakakubaliana kwamba warsha ya ndani ya mwaka uliopita nayo ihesabiwe, na mkono wa tatu ukainuka polepole.

Shida iliyofuata niliijua mapema: mshiriki wa kwanza. Ukimpa 23, ukishangazwa na wa sita, utapanda wapi? Majaji wengi hujiwekea akiba bila kujijua, na anayeumia ni yule aliyefungua. Hili limepimwa. Watafiti Renato Flôres na Victor Ginsburgh walichapisha 1996 uchambuzi wa matokeo ya mashindano ya Queen Elisabeth ya Brussels, ya piano na fidla, wakaona kwamba siku aliyopangiwa mtu ilikuwa na uzito kwenye nafasi yake ya mwisho, na wa siku ya kwanza walikuwa na bahati ndogo, ingawa mpangilio hufanywa kwa kura. Nilimweleza mwenyekiti, nikamwomba fomu zikusanywe mwisho wa kila kundi, si baada ya kila mtoto. Alikubali kwa sharti kwamba hatutazungumza hadi zikusanywe. Kwa hiyo washiriki wa mwanzo niliwaandikia kwa penseli, "kati ya 18 na 20", "kati ya 20 na 22", nikaja kuzikaza kwa wino wakati wa chai, nikiwa nimeshajua ukumbi unasikikaje.

Ilikuwa Februari. Anayetoka nje kwenye baridi na kuingia ukumbi uliopashwa joto, gitaa lake haliwezi kutulia. Nyuzi tatu za juu ni nailoni tupu. Zile tatu za besi zina nyuzinyuzi za nailoni ndani na waya mwembamba uliozungushwa nje. Zote huhama joto likibadilika, na mbao nazo zina mambo yake. Juu ya hayo, msichana mmoja alileta Preludio, yaani kipande cha kufungulia, ya Bach kutoka BWV 998, namba ya utunzi huo kwenye orodha ya kazi zake. Utunzi huo asili yake uko kwenye ufunguo wa mi bapa, lakini wapiga gitaa huupiga kwenye ufunguo wa re, na uzi wa sita hulegezwa kutoka mi hadi re ili besi ipate kina. Uzi uliolegezwa una ukaidi wake: unauacha kwenye re, baada ya muda unakuta umejivuta kidogo kwenda juu.

Msichana yule aliulegeza, akaupiga, akasubiri. Akauvuta kwa mkono kidogo, kama anauzoesha, akaupiga tena. Akalinganisha na uzi wa nne, ambao ni re ileile ya juu yake. Hakuridhika. Jaji wa kushoto kwangu akaanza kugongagonga kalamu mezani. Ukumbini mtu akakohoa kile kikohozi cha kuharakisha watu. Binti hata hakuinua macho. Alipoanza, besi ilikaa mahali pake mpaka noti ya mwisho, na zile sauti za juu zikawa na kitu cha kuegemea. Daftarini niliandika: "Anasikia kabla ya kupiga." Jirani yangu alimpunguzia kwa kupoteza muda. Nilijua kwa sababu aliniambia baadaye bila mimi kumuuliza, na mpaka leo naona alikosea. Waliomfuata walianza upesi, na wawili kati yao walipiga kipande kizima uzi wa tatu ukiwa umeteremka.

Macho yangu nayo yalihitaji kudhibitiwa. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alionyesha jambo ambalo kila jaji angelikana: watu walioonyeshwa video bila sauti za wapigaji wa fainali waliwabaini washindi vizuri kuliko waliosikilizishwa sauti, na wanamuziki wa kulipwa hawakutofautiana na wengine. Kwenye gitaa mambo huzidi, kwa kuwa mpigaji amekaa uso kwa uso nawe, amekumbatia chombo, na akifumba macho na kuyumba kidogo unajikuta unaamini kwamba kilichotoka kina hisia. Mbinu yangu ilikuwa hii: mwanzo wa kipande natazama mikono, kwa sababu mkono wa kulia unaeleza mengi kuhusu sauti, kucha zinaingia vipi, kiganja kimekaza au kimelegea. Kikifika katikati, nainamia daftari na kubaki na sauti peke yake. Mara mbili tatu, kwenye ukurasa mmoja, niliyoandika nikitazama na niliyoandika nikisikiliza tu yalipingana waziwazi, kama vile yameandikwa na watu wawili. Hizo ndizo kurasa nilizozirudia wakati wa chai. Mama mmoja wa mshiriki alimlalamikia mratibu kwamba jaji Mwafrika alikuwa anasinzia. Mratibu akaniletea kahawa.

Kisha kulikuwa na masikio yenyewe na yalikolelewa. Mimi nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa na kanda za Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya sasa, mwaka 1952. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na gumba lake lilikuwa linatembea kama mtu mwenye safari yake. Ndiyo maana besi ikitembea vizuri mimi hulainika. Akaja kijana na Preludio namba 1 ya Villa-Lobos, ya 1940, ambayo wimbo wake uko chini, kwenye nyuzi nene, na gumba ndilo linaloimba huku vidole vingine vikijibu juu. Jamani, kile kidole! Sauti nene, bila ukwaruzo wa ukucha, na alipoteleza kutoka noti ya chini kwenda ya juu aliichelewesha kidogo tu ya kufika. Mkono wangu ulitaka kuandika 24.

Nikasoma daftari. Sehemu ya kati, ile inayohamia ufunguo wa mi kuu na kwenda kasi, nilikuwa nimeandika mwenyewe: "mapigo yanakimbia", "akodi zimebanwa", "kama anataka kurudi kwenye wimbo haraka." Ni maneno yangu, ya dakika mbili nyuma. Nikampa 21. Kama ningetanguliza tarakimu, hayo yote ningeyapa jina la ujana na msisimko.

Tulipofungua fomu za kundi la mwisho, mshiriki mmoja alikuwa na 24, 19, 18, 18 na 16. Wastani wake ni 19. Jaji mmoja akapendekeza ya juu na ya chini zifutwe, kama wafanyavyo kwingine, na hapo anabaki na 18.33, akashuka nafasi moja. Nilipinga. Majaji wakiwa kumi na watano, kufuta mbili ni jambo dogo. Wakiwa watano umewafukuza wawili ukumbini, na huenda aliyetoa 24 ndiye pekee aliyesikia. Kanuni haibadilishwi baada ya alama kuonekana, mwenyekiti akasema, na 19 ikabaki. Aliyetoa 16 akaulizwa aeleze, si abadilishe. Utaratibu huo niliupenda. Watu hukumbuka 1980 kule Warsaw, mpiga piano Martha Argerich alipoondoka kwenye jopo la majaji wa mashindano ya piano ya Chopin kwa sababu mshiriki Ivo Pogorelić hakupelekwa fainali, na husimulia kana kwamba ugomvi ndio ushujaa. Mezani kwetu hakuna aliyeondoka. Aliyetoa 16 alisema tremolo ya kijana, yaani zile noti zinazorudiwa upesi kwa vidole vinavyopokezana, ilikuwa na noti tatu badala ya nne, kidole cha pete hakigusi. Nikatazama daftari langu: "tremolo inachechemea". Nilikisikia kile kile, ila yeye alikijua jina.

Jioni kulikuwa na mazungumzo na washiriki, kila mmoja dakika chache, mzazi akiruhusiwa kukaa pembeni. Hapo daftari lililipa gharama yake. Wenzangu walikuwa na tarakimu na kumbukumbu zilizochanganyika. Mimi nilimfungulia kila mtoto ukurasa wake. Nilimtajia kitu kimoja cha kufanyia kazi kesho yake, kimoja tu, maana mtoto aliyetoka jukwaani habebi zaidi ya hapo. Kijana wa tremolo nilimwambia aipige taratibu kabisa huku kidole cha pete kikiwa na sauti kubwa kuliko vingine, wiki nzima. Baba yake akataka kujua kwa nini 19.

"Mzee, hilo ni la watu watano," nikamjibu. "Kwangu uliza la kidole."

Akauliza la kidole. Tukaishia kukopa gitaa la mtoto, na mimi nikaonyesha.

Wamenialika tena mwakani. Nimewaandikia nikiomba mambo matatu: muda wa kusawazisha nyuzi usihesabiwe ndani ya muda wa kupiga, fomu iwe na nafasi ya maneno juu ya kisanduku cha tarakimu, na raundi ya kwanza tuisikilize nyuma ya pazia. Mawili ya kwanza wamekubali. La pazia wamesema wazazi hawatalipenda.