Mama, boksi la samaki na ndege ya bei chee

Wadau habari za siku nyingi. Nimepotea humu ila leo nimerudi na stori ya ndege za bei chee, maana wiki mbili zilizopita nimekaa masaa tisa kwenye viti vya chuma pale uwanja wa ndege Dar nikisubiri kwenda Mwanza, simu ina asilimia nne, soketi zote zimekaliwa, nikawa sina cha kufanya zaidi ya kuwaza nimefikaje hapa.

Nianze na mama. 2013 alikuwa Dar kwa matibabu ya mgongo, kliniki ikaisha, ikabaki kumrudisha Mwanza. Basi haliwezekani, ni kilomita elfu moja na mia na ushee, unatoka Ubungo saa 12 alfajiri, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, ukishuka usiku miguu imevimba huwezi hata kuvaa kiatu, sasa mtu mwenye mgongo mbovu atafika kweli? Na ndege kwetu sisi ilikuwa kitu cha waheshimiwa na wazungu wa Serengeti. Lakini Novemba 2012 shirika la ndege za bei chee, fastjet, walikuwa wameanza kuruka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya makodi. Mi nilivyosikia nikajua matapeli hawa, nauli yangu ya mwisho ya basi ilikuwa imezidi hapo! Dada mmoja wa ofisini ndo akanikalisha chini akanionyesha kwenye kompyuta. Ile 32,000 yenyewe sikuipata, ilikuwa ya waliowahi, ila niliyopata bado iliingia kwenye uwezo wangu nikakata mbili, yake na yangu.

Basi siku ya safari mama kaamka saa 9 usiku kakaanga kuku, kapiga chapati, kajaza chupa ya chai. Namwambia mama safari yenyewe ni kama saa moja na nusu hivi, ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Tumekaa ndani, yeye dirishani, kanga kafunika magoti, ndege inaanza kutembea ananinong'oneza, "Mwanangu, wanasimama wapi kuchimba dawa?" Nikamwonyesha choo kule nyuma. Akanyamaza kidogo. "Humu humu wakati watu wanakula?" Hakwenda. Alijibana mpaka Mwanza.

Halafu wakapita wahudumu na kitoroli, soda, maji, karanga, na ukitaka unalipa. Mama akafungua kontena lake la chapati akacheka, akasema, "Kumbe ni kama wachuuzi wa stendi ya Singida tu, ila hawa hawagongi dirisha." Aisee mpaka leo sijasikia mtu ameelezea biashara ya ndege za bei rahisi vizuri kuliko hapo. Ni basi. Basi lenye mabawa, unanunua siti tu, mengine yote jitegemee.

Na ukiifikiria kibasi-basi utaelewa bei inashukaje. Hawa jamaa wa fastjet hawakubuni wao biashara hii, shirika la Wamarekani la Southwest walianza tangu 1971, Ryanair wa Ireland wakaja kuichukua na kuikaza zaidi. Unatumia ndege za aina moja ili mafundi na marubani wajifunze kitu kimoja na spea ziwe za aina moja. Unafuta bizinesi klasi unabana siti, zile Airbus A319 za fastjet zilikuwa na siti 156. Hakuna chakula cha bure. Tiketi unakata mwenyewe mtandaoni. Na ikitua haikai, Ryanair wanajulikana kwa kushusha na kupakia ndani ya dakika 25 hivi, maana ndege iliyopaki ni kama daladala iliyolala gereji, deni linaendelea kula ila hesabu hailetwi. Siti za kwanza wanatoa kwa bei ya kutupa, kadiri inavyojaa bei inapanda, kwa hiyo mimi na jirani yangu tunaweza tukawa tumekaa bega kwa bega kumbe yeye kalipa mara tatu yangu. Hiyo ndo sehemu inayowauma watu wetu, sisi tumezoea nauli moja.

Kwetu huku haijawa lelemama. Mafuta ya ndege yanaenda na dola, abiria wa kujaza siti 156 kila siku asubuhi na jioni siyo kila mji unao, fastjet wenyewe baadaye walihamia Embraer 190 ambazo ni ndogo zaidi, na mwishoni mwa 2018 wakaacha kuruka Tanzania. Yule kasuku aliyechorwa mkiani mwa ndege zao nilimzoea jamani. Wakenya wao wana Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, tangu 2014, na bado ipo.

Sasa tuje kwenye maumivu, na hapa majina ya mashirika siweki, nimeruka na mengi na lengo langu siyo kumharibia mtu biashara.

Kwanza mzigo. Mtu anaona bei ndogo anakata, hasomi kwamba hiyo bei ni ya wewe na kibegi cha mkononi basi. Anafika kaunta na begi la kilo 20, anaambiwa lipia, na bei ya pale kaunta ni nyingine kabisa kuliko ungelipia mapema kwenye simu. Nimewahi kuona kaka mmoja mtu mzima kafungua begi chini, kavaa mashati matatu na koti juu yake, joto la Dar la Februari, jasho linamtiririka, anacheka mwenyewe huku foleni nzima inamshangilia. Alipita! Begi likasoma kilo saba kasoro.

Pili jina. Shemeji yangu alimkatia shangazi yake tiketi kwa simu, kwenye jina akaandika kama alivyomsevu, Mama Junia. Kitambulisho cha taifa hakimjui huyo mama Junia. Wakamlipisha kubadilisha jina, hela iliyobaki kidogo tu ifike bei ya tiketi yenyewe, na shangazi akasafiri kimya kimya bila kumuaga shemeji.

Tatu ndo hii ya juzi. Nilikata mwezi mzima kabla, ndege ya saa 1 asubuhi, nifike Mwanza mapema maana saa 10 jioni kuna sendofu ya binti wa kaka yangu na mimi ndo nimebeba vitenge vya sare vya upande wetu. Saa 5 usiku nipo kitandani inaingia meseji, samahani mteja, ndege yako imesogezwa mpaka saa 5 asubuhi. Sawa, bado nitawahi. Asubuhi naenda zangu, saa 3 nishafika, saa 5 inapita, saa 7 inapita, ubao unaandika tu imechelewa. Tukaambiwa hitilafu. Mi sitaki rubani anirushe na hitilafu, hilo tuelewane. Ila shirika likiwa na ndege mbili tatu tu, moja ikiugua hakuna ya kuchukua nafasi, ratiba ya siku nzima inaanguka kama domino, wa Mwanza anachelewa, wa Mbeya anachelewa, na hizo dakika 25 za kugeuza ndizo zinazogeuka kitanzi maana hamna muda wa ziada wa kufidia.

Kilichoniuma siyo kusubiri, kusubiri mbona tumesubiri sana kwenye mabasi, tumelala Morogoro na basi bovu tukachoma mahindi. Shida hapa hakuna konda. Kwenye basi kuna konda, ana jina, ana shati limefunguka vifungo, utamfokea, atakufokea, mwisho atakwambia ukweli kwamba giaboksi imekufa na fundi anatoka Chalinze. Pale kaunta kuna binti mdogo kasukwa vizuri anarudia sentensi moja ileile, naye maskini hajui kitu, ukimfokea unamwonea. Namba ya huduma kwa wateja inapiga muziki. Mzee mmoja karibu yangu akasimama akauliza kwa sauti, "Jamani, konda wa hii ndege nani?" Watu wakacheka hadi askari.

Tuliondoka saa 12 jioni. Vitenge nilifika navyo wakati watu wanakula keki, upande wetu walishavaa walichopata, kaka hajanisemesha siku mbili.

Na bado nitakata tena. Mtanishangaa, ila nikipiga hesabu, mama tangu ile 2013 ameshakuja Dar mara sita, mgongo ule ule, na angekuwa wa basi asingekuja hata mara mbili. Nimejifunza tu kusafiri siku moja kabla ya shughuli, kusoma maandishi madogo, na chaji kubeba.

Mama mwenyewe ndo kawa bingwa kunizidi. Hata chapati habebi siku hizi, anabeba biashara, sato na dagaa anachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wanaganda kwenye friza ya jirani, anapanga kwenye boksi anazungushia selotepu mpaka boksi halionekani. Jana kanipigia kuulizia tiketi za Desemba kama zimeshapanda, nikamwambia bado, nikamkumbusha alipie mzigo mapema, kilo 23 na asizidishe. Akaniambia nisimfundishe kazi, boksi kashalipima kwenye mizani ya duka la mchele, limesoma 22 na nusu. "Sasa niambie," akasema, "hiyo nusu iliyobaki nikuwekee nini?"