Mstari Mmoja, Ukurasa Mzima

Wapendwa katika Kristo, tafakari ya juma hili inatokana na filamu ya katuni iitwayo The Secret of Kells, iliyoongozwa na Tomm Moore na Nora Twomey wa Ireland na kutolewa mwaka 2009. Inamhusu Brendan, mtoto anayelelewa katika monasteri ya Kells na mjomba wake, Abate Cellach, mkuu wa monasteri hiyo, ambaye kwa kuwahofia Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, hawazi jambo lingine ila kujenga ukuta.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 806 Waviking waliwaua watawa 68 katika kisiwa cha Iona huko Skoti, na ni katika miaka hiyo ya damu, karibu na mwaka 800, ndipo Kitabu cha Kells, yaani Injili nne kwa Kilatini juu ya ngozi za ndama, kilipoandikwa na kupambwa.

Katika filamu, wakati abate akihimiza ukuta, mtawa mzee kutoka Iona anamtuma Brendan msituni kutafuta vinundu vya mwaloni vya kutengenezea wino. Ni rahisi kuuliza kama wanafunzi walivyouliza kule Bethania mwanamke alipommiminia Yesu marhamu: “Ni wa nini upotevu huu?” Lakini Bwana, aliyejua kuwa kifo chake kiko karibu, alijibu, “Ni kazi njema aliyonitendea mimi” (Mathayo 26:8-10).

Filamu inafikia kilele kwa ukurasa mashuhuri kuliko zote za kitabu hicho, ambao herufi za Kigiriki za jina la Kristo zimeujaza karibu wote. Chini yake kuna paka wanaowatazama panya wenye kipande cha mviringo kama mkate wa Ushirika, na fisi maji mweusi aliyeshika samaki, kana kwamba mchoraji hakutaka kiumbe chochote kikae nje ya Jina hilo. Nasikitika kwamba filamu, pamoja na uzuri wake wote, haimwambii mtazamaji maneno yanayopambwa pale. Ni Mathayo 1:18: “Kuzaliwa kwake Yesu Kristo kulikuwa hivi.” Mstari ambao sisi huusoma kwa pumzi moja, wao waliupa ukurasa mzima, huku wakijua kwamba adui angeweza kuja kuuchoma.

Juma hili tusome Mathayo 1 yote, polepole na kwa sauti, bila kuruka majina ya ukoo yanayoutangulia mstari huo.