Jinsi nilivyoibaini stakabadhi iliyochezewa

Natunza kumbukumbu za chama cha wakulima wa tumbaku huku Urambo, Tabora. Mzee mmoja alidaiwa mifuko 8 ya mbolea ya mkopo. Yeye akashikilia kwamba alichukua 3, na nakala yake ilishaliwa na mchwa. Stakabadhi yetu ilisoma 8, wino mweusi mtupu. Skana haikuonyesha kitu.

Nikajaribu kamera ya ulinzi inayoona gizani. Hiyo hupokea mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na wino wa aina mbili ulio sawa machoni huweza kutofautiana hapo: mmoja huunyonya mwanga ukabaki mweusi, mwingine hupotea. Nilizima taa, nikazungusha lenzi mpaka maandishi yakakaa sawa, nikafunika taa za kamera kwa karatasi nyepesi kupunguza mng'ao. Mikunjo ya kushoto ya ile 8 ikafutika. Ikabaki 3, nyeusi tii.

Kama aliyeghushi angetumia kalamu ileile, kamera isingeona lolote. Kwa hiyo kutoona dosari si uthibitisho. Picha niliipeleka kwenye kamati pamoja na stakabadhi halisi, isiyoguswa kwa kalamu wala gundi. Deni la mzee limerekebishwa.