Bima ilitaka barua mbili, nikashinda kwa moja

Mimi ni mwanamume niliyebadili jinsia, naishi Minneapolis, Marekani. Bima ilikataa kulipia upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi: nilikuwa na barua moja ya mwanasaikolojia ya kuunga mkono upasuaji huo, wao wanataka mbili. Iliniuma, maana kila barua ni wiki za kusubiri na kumsimulia mgeni maisha yako upya.

Nikaisoma sera yao neno kwa neno. Kumbe ilifuata toleo la 7 la mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia. Toleo la 8, la mwaka 2022, linataka barua moja tu. Nikakata rufaa, nikaambatanisha ukurasa huo. Mwanasaikolojia wangu akaongeza mistari miwili: utambulisho wangu ni wa kudumu, na ninaelewa sitaweza tena kubeba mimba.

Baada ya siku kumi na mbili, kibali kikaja.