Uzi wa Mkonge Ndani ya Kisu cha Babu

Jumamosi moja ya mwezi Machi 2016, mjini Sheffield, Uingereza, niliingia katika chumba chenye meza moja ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani, nikiwa na kisu cha marehemu babu yangu mfukoni, kimeviringishwa ndani ya leso. Kuizunguka meza walikuwa wameketi watu tisa, wengi wao wazee, na mbele ya kila mmoja vilikuwepo visu vidogo vya kukunja vilivyopangwa kwa unadhifu kama vito katika duka la sonara. Nilikuwa na miezi sita tu mjini humo, nikisomea shahada ya uzamili, na sikuwahi kudhani kwamba wako watu wanaokutana kwa ajili ya visu vya mfukoni bila haja ya kununua wala kuuza chochote.

Kilichonifikisha pale ni pini moja iliyolegea. Kisu cha babu kilikuwa kimeanza kucheza kwenye maungio, na kwa kuwa nilijua kuwa kilitengenezwa katika mji uleule nilimokuwa nikiishi, niliuliza huku na huko nani angeweza kukitazama. Muuza vifaa vya useremala sokoni ndiye aliyenielekeza kwa wazee hao wanaokutana Jumamosi, akaniambia niende bila woga, kwa maana hawajawahi kumfukuza mtu.

Babu alifanya kazi katika shamba la mkonge karibu na Muheza, kwanza akiwa mkataji, baadaye akiwa nyapara. Kisu alikinunua katika duka moja mjini Tanga, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na alikaa nacho hadi alipofariki. Alikikatia kamba, alikichongea penseli za wajukuu, lakini sisi tulikijua zaidi kwa machungwa. Alianzia kwenye kikonyo, akashuka kwa mzunguko taratibu, na ganda likatoka refu kama utepe bila kukatika hata mara moja, wakati sisi watoto tumechuchumaa mbele yake tukihesabu mizunguko. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikichukua bila ruhusa nikafungulia kopo la rangi, ncha ikakatika. Hakunipiga. Alikaa na jiwe la kunolea tangu baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi, akaitafuta ncha mpya ndani ya chuma kilichobaki, na tangu siku hiyo ubapa ukawa mfupi kuliko ulivyotoka kiwandani.

Nakiri kwamba nilikuwa na hofu kubwa njiani. Magazeti ya Uingereza hayapitishi wiki bila habari ya vijana kuchomana visu, na mimi, mgeni mweusi, nilikuwa ndani ya basi na kisu mfukoni. Jambo la kwanza lililofanywa na mzee aliyekaa kichwani mwa meza, baada ya kunivutia kiti, lilikuwa kunitoa hofu hiyo. Alichukua rula, akaupima ubapa, akanieleza kuwa sheria yao ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli ikiwa makali yake hayazidi inchi tatu. Cha babu kilikuwa na sentimita sita na nusu. Alilisema hilo bila kunitazama kwa huruma wala kwa mashaka, kama mwenyeji anavyomwonyesha mgeni mahali pa kuvulia viatu, na hadi leo namshukuru kwa adabu ile.

Kisha nikaona kitu kilichonirudisha nyumbani kabisa. Hakuna aliyempa mwenzake kisu mkononi. Kila kisu kilikunjwa kwanza, kikawekwa juu ya kitambaa, ndipo mwingine akakiokota, na kabla ya kukirudisha alikipangusa ubapa ili jasho la vidole lisiache kutu. Bibi yangu naye alikuwa hakubali kisu kipite mkono kwa mkono. Ukikiomba, atakiweka chini, nawe uinue mwenyewe. Yeye alisema kufanya vinginevyo huleta ugomvi. Wale wazee walisema ni kwa usalama wa vidole na heshima kwa mwenye mali. Mimi niliona ni mwendo mmoja wa mkono, na nikaacha kuogopa.

Nilikiweka cha babu katikati ya meza. Mzee yule, ambaye nilijua baadaye kuwa alikuwa mkutubi kabla ya kustaafu, aliufunua ubapa nusu, akaweka kioo cha kukuzia jichoni na kuchungulia shingo ya chuma pale inapoingia kwenye mpini. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe alinipa kioo nami nikaona, chini ya mikwaruzo ya miaka mingi, nyota ndogo na pembeni yake msalaba wenye ncha pana: alama ya Joseph Rodgers, kampuni iliyovuma kuliko zote za Sheffield katika kazi hiyo, ileile iliyotengeneza mwaka 1822 kisu cha maonyesho chenye bapa 1,822, na baadaye kukiongezea bapa kadiri miaka ilivyosonga. Juu yake palikuwa na taji katikati ya herufi G na R, yaani mfalme aitwaye George, na chini yake neno "England", ambalo wakusanyaji wanalichukulia kuwa dalili ya kisu kilichotengenezwa baada ya Marekani, mwaka 1890, kudai kila bidhaa iandikwe nchi ilikotoka. Mfalme George wa mwisho alifariki mwaka 1952. Kwa hiyo maelezo ya familia yetu kuhusu duka la Tanga baada ya vita yalipatana na chuma chenyewe, na nilihisi kana kwamba mtu amemtolea babu ushahidi mahakamani.

Kisu kilianza kuzunguka meza. Umbo la ubapa wake, makali yaliyonyooka kama rula na mgongo unaoteremka kuelekea nchani, waliliita mguu wa mwanakondoo, na wakaniambia kuwa ni umbo ambalo Sheffield inalipenda tangu zamani. Kila aliyekishika alikifunua na kukifunga polepole sikioni. Wao husema kisu kizuri kinatembea na kusema: kutembea ni ule ulaini wa ubapa unapozunguka kwenye pini yake, na kusema ni mlio wa springi ya mgongo inapoupokea ubapa na kuukaza. Kisu cha namna hii hakina kufuli. Ni springi hiyo tu inayoushikilia ubapa, na fundi hujulikana kwa jinsi alivyoipatanisha. Cha babu kilitembea kwa kuyumba, lakini kilisema. Mama mmoja mwenye mikono mipana alikifunga mara tatu mfululizo huku macho ameyafumba.

Huyo mama ndiye aliyesema, kabla sijaeleza lolote, kwamba kisu hiki kimekata matunda. Nilimuuliza amejuaje. Akaugeuza ubapa kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha utandu wa kijivu unaoelekea ubuluu, wenye mawimbi kama maji ya kina kirefu, akasema chuma cha zamani kisicho na kinga hubadilika rangi hivyo kinapokutana na tindikali ya matunda, na kwamba utandu huo, ukishatulia, husaidia kuzuia kutu nyekundu. Nikawaambia habari za machungwa ya Muheza. Nilikuwa nimekusudia kuomba king'arishwe kirudi kama kipya, na nilipolitamka ombi hilo wote walitikisa kichwa. Mkutubi alisema kazi ya miaka hamsini ya babu yangu imo katika rangi ile, na mashine ya kung'arishia ingeifuta kwa dakika moja. Sikuwa nimewahi kuutazama uchafu ule kuwa ni kazi ya mtu.

Hapo nikaungama kuhusu ncha. Sijui kwa nini niliona lazima niseme. Labda kwa sababu walikuwa wakikitazama kwa uangalifu mno hata kuficha ikawa kama kusema uongo. Mama yule hakujibu. Alifungua mkoba wake, akatoa kisu cheusi kilichochakaa, akakiweka kando ya cha babu. Kilikuwa cha baba yake, mnoaji wa viwandani, na ncha yake ilikuwa imekatika vilevile, ila hakuna aliyeitengeneza. Aliisifu kazi ya babu, akipitisha ukucha kwenye mteremko wa mgongo, akasema mtu aliyenoa pale alikuwa na subira na jiwe zuri.

Fundi wao alikuwa mtu mfupi mwenye miwani minene, mmoja wa wale ambao Sheffield huwaita mesta wadogo, yaani mafundi wanaojitegemea katika karakana zao. Wamebaki wachache sana. Aliyejulikana kuliko wote, Stan Shaw, aliianza kazi hiyo mwaka 1941 akiwa kijana, na bado alikuwa hai siku ile. Alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 94. Fundi wetu aliweka kichwa cha pini juu ya fuawe dogo lisilozidi ukubwa wa kiberiti, akagonga kwa nyundo nyepesi, si kwa nguvu bali kwa kurudia, akijaribu ubapa kila baada ya mapigo mawili matatu, kwa kuwa pini ikikazwa kupita kiasi kisu hakifunguki tena. Kisha akadondosha tone la mafuta kwenye maungio na kuanza kusafisha ndani kwa kijiti chembamba, na taka nyeusi zikawa zinatoka juu ya karatasi nyeupe.

Alipofika karibu na springi alisimama. Kijiti kilikuwa kimetoka na kitu kama unywele, urefu wa nusu ukucha, rangi ya mchanga. Alikiweka kwenye karatasi, akakisogeza chini ya kioo, akauliza kama ni unyoya wa mnyama. Niliinama nikatazama, na sikuhitaji kioo. Ulikuwa uzi wa mkonge.

Waliniomba niwaeleze, nikawaeleza kwa kirefu kuliko nilivyopata kueleza jambo lolote kwa Kiingereza: jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyouleta mmea huo mwaka 1893, miche 62 tu ikafika ikiwa hai, jinsi majani yanavyokatwa alfajiri kabla ya jua kuwa kali, jinsi miiba ya nchani inavyochoma, jinsi nyuzi zinavyoanikwa zikameremeta kama nywele za wazee. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, fundi aliikunja ile karatasi mara nne na uzi ukiwa ndani, akaandika juu yake kwa penseli tarehe ya siku ile, akaniwekea mbele yangu. Malipo ya pini alikataa.

Meza ile ilikuwa pia na jambo zito. Palikuwepo visu vitatu vya zamani vyenye mipini ya pembe za ndovu, na mwenye visu hivyo alisita kuvisogeza upande wangu. Sheffield ilitumia pembe nyingi mno katika karne ya 19, na Joseph Rodgers walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Nilijua sehemu ya pembe za soko la dunia zilikotoka: zilibebwa mabegani mwa watu, wengine wakiwa watumwa, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, ndipo zikapanda meli. Nililisema hilo, nao walilipokea bila kujitetea. Mwenye visu alisema hununua vya zamani tu na hatamani kipya, kisha akavifunika kwa kitambaa. Naona alifanya vyema.

Labda ndilo lililomsukuma mkutubi kufungua mkunjo wake wa kitambaa, wenye mifuko kumi na miwili iliyoshonwa kwa mkono, akatoa kisu kidogo chenye mpini mweusi usio na nakshi. Aliniuliza kama naijua mbao hiyo. Niliuona wekundu uliofichama ndani ya weusi, nikapima uzito wake kiganjani, nikamwambia ni mpingo, mti ambao ukiutupa majini unazama, unaotengenezewa zumari kwa Wazungu na vinyago kwetu. Alilirudia neno "mpingo" mara kadhaa mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akakikunja kisu, akakiweka juu ya kitambaa cha kijani, akasema nikichukue, ni changu.

Nilipotaka kushukuru, chumba kizima kilinizuia. Kwao kisu hakitolewi bure kwa rafiki, kwa sababu huweza kuukata urafiki. Sharti anayepewa atoe sarafu, hata iwe ndogo kiasi gani, ili iwe kama amenunua. Nilijipapasa mifukoni. Sarafu zangu zote za Kiingereza zilikuwa zimeishia kwenye basi, na kilichobaki ni shilingi 200 ya Tanzania niliyokuwa nikitembea nayo tangu uwanja wa ndege, yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Niliiweka mezani, kwa mkono wa kulia. Mkutubi aliiinua, akaitazama pande zote mbili kwa kile kioo chake, akauliza yule ni nani, nikamwambia. Kisha akaichomeka katika mfuko mtupu alimotoa kisu, akaukunja mkunjo wake na kuufunga kwa kamba.